McColl na bei ya ridhaa

Kiswahili kimeupa mpira usiolipwa jina zito: soka la ridhaa. Ridhaa ni neno la ndoa na la mikataba. Binti haozwi bila ridhaa yake, shamba la familia haliuzwi bila ridhaa ya ndugu. Kwa hiyo tukimwita mtu mchezaji wa ridhaa tunakuwa tumeshatoa hukumu bila kukusudia: huyu anacheza kwa moyo wake, yule anayelipwa anasukumwa na kitu kingine. Nimekua nikiwasikia wazee barazani wakisema wachezaji wa zamani walicheza kwa mapenzi na wa leo wanacheza kwa fedha, na kwa miaka mingi sikuona cha kubisha. Aliyenifanya nibishe ni mshambuliaji wa kati wa Glasgow, mzaliwa wa Aprili 1876, aitwaye Robert Smyth McColl.

McColl alicheza pande zote mbili za mstari huo. Alianza bila malipo, akaingia soka la kulipwa akiwa kwenye kilele cha uwezo wake, kisha akarudi kucheza bila malipo katika klabu ile ile aliyoiacha. Wanaomkumbuka humkumbuka kwa mabao yake dhidi ya Uingereza au kwa maduka ya pipi. Mimi naona maisha yake ya mpira yanajibu swali ambalo kwa kawaida haliulizwi: ni nani hasa anayeweza kumudu kucheza kwa ridhaa?

Tuanze na klabu iliyomlea. Queen's Park ya Glasgow iliundwa Julai 1867, na kaulimbiu yake ya Kilatini inasema kucheza kwa ajili ya kucheza. Klabu hii ndiyo iliyoufundisha ulimwengu pasi. Mechi ya kwanza ya kimataifa, kati ya Scotland na Uingereza, ilichezwa Glasgow tarehe 30 Novemba 1872 ikaisha 0-0, na wachezaji wote 11 wa Scotland walitoka Queen's Park. Waingereza wa siku hizo walikuwa watu wa chenga: mmoja anauchukua mpira, anainamisha kichwa, anakwenda nao mpaka aporwe, na wenzake wanamfuata nyuma wakisubiri uponyoke. Waskoti walikuwa wanapeana. Matokeo yalionekana haraka. Mwaka 1878 Scotland ilishinda 7-2, mwaka 1881 ikashinda 6-1 kwenye ardhi ya Uingereza.

Katika klabu hiyo wachezaji hawakulipwa. Lakini mlangoni watu walilipa. Queen's Park walijenga viwanja vitatu vilivyoitwa Hampden, kimoja baada ya kingine, na cha tatu, kilichofunguliwa 1903, kilikuwa uwanja mkubwa kuliko wote duniani hadi Maracanã ilipofunguliwa mwaka 1950. Mwaka 1908 zaidi ya watu 120,000 waliingia humo kutazama Scotland na Uingereza. Fikiria hesabu hiyo kwa utulivu. Klabu ya ridhaa ndiyo iliyomiliki nyumba kubwa kuliko zote za kukusanyia viingilio. Fedha ilikuwapo kwenye mpira huo tangu mwanzo, na ilikuwa nyingi. Kilichokatazwa ni fedha hiyo kufika kwenye mfuko wa aliyekuwa akikimbia. Sisemi viongozi wa Queen's Park walikuwa wezi, maana fedha waliirudisha kwenye uwanja na klabu. Nasema kanuni yao ilikuwa rahisi kwa karani, mfanyabiashara au mtoto wa mwenye duka ambaye Jumamosi alasiri ni yake. Kwa kijana wa kiwandani anayekatwa ujira akikosa nusu siku, na anayekaa bila kipato akivunjika mguu, kanuni hiyo ilikuwa mlango uliofungwa.

Ndiyo maana wengine walivuka mpaka. Mwaka 1878 Fergus Suter na James Love walitoka Partick ya Glasgow wakaenda Darwen, mji wa viwanda vya pamba huko Lancashire. Suter alikuwa mwashi. Inasimuliwa kwamba aliacha kazi ya kuchonga mawe kwa maelezo kuwa mawe ya Uingereza ni magumu kuliko ya kwao na yanamvimbisha mikono. Akawa hana kazi inayojulikana, na bado anaishi vizuri na anacheza kila wiki. Kila mtu alielewa. Uingereza ilikubali malipo rasmi Julai 1885. Scotland ilikataa kwa miaka minane zaidi, hadi 1893, na katika kipindi hicho ikawaadhibu watoto wake waliokwenda kutafuta riziki kwa kuwanyima jezi ya taifa. Hadi 1896 aliyecheza Uingereza hakuitwa timu ya Scotland.

Hapa panaumiza, na sitaki kupapita haraka. John Campbell, kijana wa Renton, alikwenda Sunderland akawa mfungaji bora wa ligi ya Uingereza mara tatu ndani ya misimu minne. Hakuwahi kuichezea Scotland hata mechi moja. Jimmy Ross wa Preston, klabu ya Uingereza, Mskoti vilevile, alikuwa kwenye kikosi kilichoifunga Hyde 26-0 Oktoba 1887 na alikuwa mfungaji hodari wa timu iliyomaliza msimu wa kwanza wa ligi bila kupoteza mchezo. Naye hakuitwa. Ukisoma orodha za wafungaji wa Scotland za miaka ile bila kulijua hili, utadhani washambuliaji bora ndio walioitwa. Walioitwa ni walio bora kati ya wale ambao hawakuhitaji mshahara wa mpira, au waliolipwa kwa siri. Mwaka 1896 Scotland ilipolegeza, ikachanganya waliobaki nyumbani na waliokuwa wakilipwa kusini, iliifunga Uingereza 2-1. Ulikuwa ushindi wake wa kwanza dhidi ya jirani huyo tangu 1889.

McColl aliingia timu ya taifa mwaka huo huo wa 1896, akiwa na miaka 19, mali ya Queen's Park. Alikuja wakati mzuri. Hakulazimika kuchagua kati ya tumbo na jezi.

Tazama alichokifanya na bahati hiyo. Machi 1899 Scotland iliifunga Wales 6-0, matatu yakiwa yake. Wiki moja baadaye waliifunga Ireland 9-1, na akaongeza matatu mengine. Halafu likaja lile lililomjengea jina: tarehe 7 Aprili 1900, uwanja wa Celtic, Uingereza. Siku hiyo Scotland haikuvaa bluu. Ilivaa jezi zenye mistari ya kulala ya njano iliyopauka na waridi, rangi ambazo wapanda farasi wa Lord Rosebery walizivaa kwenye mbio, kwa heshima ya bwana huyo aliyewahi kuwa waziri mkuu na ambaye sasa alikuwa mlezi wa chama cha soka cha Scotland. Kabla dakika ya kwanza haijaisha McColl alikuwa ameshatikisa nyavu. Hadi mapumziko alikuwa na matatu na Scotland inaongoza 4-1. Kipindi cha pili hakikubadilisha kitu. Watu zaidi ya 60,000 waliona hayo, akiwamo Rosebery mwenyewe. Hakuna aliyeondoka Celtic Park siku ile akiwa na shaka nani ni mshambuliaji wa kati bora wa taifa hilo, na alikuwa hajafikisha miaka 24.

Jumla aliichezea Scotland mechi 13, akafunga mabao 13.

Nazitaja namba hizo makusudi kwa sababu nyingine zake ni za kutazamwa kwa tahadhari. Mashabiki wa leo tumezoea kumpima straika kwa mabao ya ligi. Queen's Park haikujiunga na ligi ya Scotland ilipoanzishwa 1890. Iliona ligi itazaa malipo, na iliona sawa. Iliingia mwaka 1900 tu. Maana yake McColl aliyeanza kuichezea 1894 alitumia miaka yake sita ya mwanzo katika kombe, mashindano ya Glasgow na mechi za kirafiki. Mechi za ligi, zile za kila wiki ambazo beki anakukariri na uwanja una tope la Januari, alizionja kwa muda mfupi tu kabla ya kuhama. Kwa hiyo anayesema McColl wa ridhaa alikuwa moto na McColl wa kulipwa akapoa, kwa kulinganisha namba zake, analinganisha bahari na kisima. Kipimo pekee kinacholingana ni timu ya taifa, ambako kila mtu alikutana na mabeki wale wale.

Mwaka 1901 alisaini Newcastle United. Fikiria mazingira ya uamuzi huo. Ana miaka 25. Amewafunga Waingereza matatu. Magazeti ya Glasgow yanamjua, na Queen's Park ni klabu yenye hadhi kuliko klabu yoyote nchini. Kuondoka kulikuwa na gharama ya kijamii ambayo si rahisi kwetu kuielewa leo: watu wa klabu ile walimtazama aliyeuza miguu yake kama aliyevunja mwiko. Na msimu huo huo wa 1901-02 chama cha soka cha Uingereza kilianza kutekeleza kanuni ya mshahara usiozidi pauni 4 kwa wiki, bila marupurupu, pamoja na ukomo wa pauni 10 za kusaini. Pauni 4 zilimzidi fundi wa kawaida, ni kweli. Lakini klabu zilijaza viwanja, na mchezaji aliyezijaza alilipwa sawa na yeyote mwenye jina la kawaida aliyefika kwenye dari hiyo. Dari ya mishahara ilidumu katika soka la Uingereza hadi 1961, yaani miaka 60.

Weka kanuni hizo mbili pamoja. Kaskazini mwa mpaka klabu kubwa inakwambia usilipwe kabisa kwa sababu mpira ni wa heshima. Kusini wanakwambia utalipwa, lakini tumeshakubaliana sisi wenye klabu kiasi ambacho hutakivuka. Lugha tofauti, aliyebanwa ni yule yule.

McColl alifanya jambo ambalo wachezaji wachache sana wa kizazi chake walilifanya. Mwaka ule ule aliosaini Newcastle, yeye na nduguye Tom walifungua duka la pipi Glasgow. Duka dogo, la mtaani. Anayejua biashara ya pipi anajua uzuri wake: sukari unainunua kwa gunia na unaiuza kwa wakia. Unaichemsha na siagi mpaka igeuke rangi ya kahawia, unaimwaga kwenye sinia, inapoa, unaivunja vipande, unaviweka kwenye chupa ya kioo dirishani, na mtoto anakuja na senti yake moja anatoka na karatasi iliyokunjwa pembe. Hakuna anayekopa pipi kwa miezi sita. Na Glasgow, mji wa viwanda vya meli na moshi, ulikuwa na watoto wengi na ulipenda tofi kweli kweli. Mashabiki wakambatiza Bob wa Tofi.

Jina lake juu ya mlango lilikuwa tangazo ambalo halikumgharimu kitu. Hapo ndipo naona akili yake. Dari ya pauni 4 ilizuia klabu kumlipa thamani ya jina lake, lakini hakuna chama cha soka kilichoweza kumzuia mama wa Glasgow kupeleka mtoto kwenye duka la yule aliyewafunga Waingereza matatu. Thamani aliyoizalisha uwanjani, ambayo wengine waliikusanya mlangoni, aliipeleka mahali ambako yeye mwenyewe ndiye mwenye mlango.

Kuna wanaosema hata hivyo kwamba kwa mpira, Newcastle haikumfaa. Mabao yapatayo 20 katika misimu mitatu hayamkumbushi mtu McColl wa Celtic Park. Nakubali kwamba kama mfungaji hakuwa yule yule. Sikubali kwamba alipotea bure. Alikwenda na kile alichofundishwa Queen's Park, zile pasi fupi fupi za chini, mshambuliaji wa kati akirudi kidogo kuugawa mpira badala ya kusubiri uletwe, na wanahistoria wa mbinu humtaja kuwa mmoja wa walioupanda mchezo huo Newcastle. Aliondoka 1904. Newcastle ilichukua ubingwa wa Uingereza 1905, 1907 na 1909, na iliuchukua kwa mchezo wa pasi.

Ukiufuata uzi huo unafika mbali. Kwenye kikosi cha Newcastle kulikuwa na Mskoti mwingine, Peter McWilliam, aliyejiunga 1902 na kucheza pamoja na McColl. McWilliam alikuja kuwa kocha wa Tottenham, na chini yake walipita vijana walioitwa Arthur Rowe, Bill Nicholson na Vic Buckingham. Rowe aliipa Tottenham ubingwa wa 1951 kwa mtindo wa toa pasi, sogea, pokea. Buckingham alikwenda kufundisha Ajax, na ndiye aliyempa Johan Cruyff mechi yake ya kwanza mwaka 1964. Baadaye akafundisha Barcelona. Sitadai kwamba pasi za Barcelona tunazozishangilia usiku kwenye vibanda umiza zilitoka mguuni kwa McColl. Uzi hupita mikono mingi na kila mkono unaongeza rangi yake. Lakini mmoja wa waliousokota mwanzoni ni mtu aliyevuka mpaka kwa mshahara. Angebaki Glasgow kwa ridhaa, elimu ile ingebaki Glasgow pamoja naye. Malipo ndiyo yaliyoisafirisha, kama yalivyowasafirisha Suter na Campbell kabla yake. Timu za Uingereza za miaka ya 1880 zilizojaa Waskoti ziliwaita maprofesa, na maprofesa wale walikuwa waajiriwa.

Kipindi chake Rangers ya Glasgow, 1904 hadi 1907, sitakikalia. Alifunga, alikuwa na vikombe vilivyomponyoka, umri ulikuwa unasogea.

Halafu akafanya lisilotarajiwa. Mwaka 1907 Queen's Park ilimpokea tena kama mchezaji wa ridhaa. Klabu iliyojenga utambulisho wake wote juu ya kutogusa fedha ilifungua mlango kwa mtu aliyelipwa kwa miaka sita katika klabu mbili. Nimesoma watu wakilitaja jambo hili kama hadithi nzuri ya mwana mpotevu. Mimi nalisoma tofauti. Kama malipo yalikuwa doa, doa halifutiki kwa mtu kuwa na mabao mengi. Walipompokea walikiri, kwa vitendo, kwamba kulipwa hakukuwa kumemharibu McColl kama mchezaji wala kama mtu. Campbell na Ross hawakupata ungamo hilo. Scotland nayo ilimwita tena mwaka 1908, ikampa mechi yake ya 13 na ya mwisho.

Ungamo kamili lilichukua miaka mingi. Novemba 2019 wanachama wa Queen's Park walipiga kura kuacha soka la ridhaa, baada ya miaka 152. Sababu mojawapo kila shabiki wa Liverpool anaijua bila kujua kwamba anaijua. Andy Robertson, aliyeachwa na Celtic akiwa mtoto, alicheza Queen's Park msimu wa 2012-13 katika daraja la nne bila mshahara, huku akifanya kibarua cha kupokea simu pale Hampden. Alipoondoka hapo alikwenda Dundee United, Hull, kisha Liverpool, akawa bingwa wa Ulaya na nahodha wa Scotland. Klabu inayomlea kijana bila mkataba wa malipo haina cha kumshikia anapotakiwa. Kanuni iliyowalinda wenye nacho mwaka 1890 ilikuwa inaiumiza klabu yenyewe karne moja baadaye.

Duka la McColl lilizaa maduka mengine mengi na kiwanda. Mwaka 1933 sehemu kubwa ya kampuni ilinunuliwa na Cadbury. Yeye alifariki 1958, na jina lake likabaki juu ya milango ya maduka ya mitaa ya Scotland na Uingereza, vizazi vya watoto wakinunua gazeti la baba na pipi zao bila kujua kwamba McColl alikuwa mtu, wala kwamba alicheza mpira. Kampuni iliyobeba jina hilo ilianguka Mei 2022 ikachukuliwa na Morrisons, kampuni ya maduka makubwa.

Turudi 1910. McColl yuko Queen's Park, mechi yake ya mwisho, na wapinzani ni Port Glasgow Athletic. Duka lina miaka tisa. Kiingilio kinakusanywa mlangoni kama kawaida, na kama kawaida hakuna senti inayomfikia, lakini safari hii hana anachokihitaji kutoka hapo. Anafunga la kwanza. Hadi filimbi ya mwisho amefunga sita.